Panya wa Kuonyesha

Panya mkubwa kuliko wote alikaa mbele, na hilo Ruphin hakulifanyia mzaha. Alimfunga mkia kwa uzi wa nailoni, akamning'iniza kwenye ncha ya ufito, kisha wakafuata wengine kwa kadiri ya unono wao, hadi kinda wa mwisho aliyewekwa nyuma ili wateja waone kwamba sumu hii haimhurumii hata mtoto. Ufito ukishajaa aliutupia begani, akashika kipaza sauti chake cha betri, akatoka mtaani kwake Mangobo kuelekea Soko Kuu akiwa amenyoosha mgongo kama mshika bendera. Wanawake walitema mate pembeni alipopita. Watoto walimfuata wakiimba jina walilompa, Papa Panya. Waliotema mate na mama za walioimba, wote walinunua kwake.

Mgongo ule ulikuwa na haki ya kunyooka. Kisangani ilikuwa imeelemewa na panya. Walijaa kwenye mifereji iliyoziba, kwenye dari za nyumba za wakubwa huko Makiso, kwenye maghala ya mpunga kando ya mto, wakitafuna kila kitu isipokuwa chuma. Mtu aliyeamka na kukuta kisigino chake kimetafunwa hakwenda kwa meya wala kwa mchungaji. Alimtafuta Ruphin, naye Ruphin alimpokea kwa upole wa mtu anayejua kwamba anahitajiwa na hapendwi.

Tena hakuuza maneno matupu. Sharti lake lilijulikana mtaa mzima: nunua pakiti, tega, na panya akifa niletee maiti, nitakupa pakiti nyingine bure. Wauza sumu wenzake walimcheka kwamba anagawa mali yake. Hawakuona alichokiona yeye, kwamba maiti zile ndizo zilizokuwa duka lake. Panya wa kuonyesha hadumu kwenye joto la mkoa wa Tshopo. Huvimba, huvuja maji, hunyonyoka manyoya, na mteja aliyeziba pua hana mkono wa kufungulia mkoba. Kwa hiyo Ruphin alihitaji wapya kila mara, nao waliletwa hadi mlangoni kwake, wamefungwa kwenye majani ya migomba, wamelowa matope ya mfereji na mikojo yao wenyewe. Yeye aliwaosha, akawapaka chumvi na jivu, akawaanika.

Katika kuosha huko alikuwa mwangalifu ajabu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi hadi viwikoni, akaikaza kwa mpira, maana aliijua sumu yake na kuiogopa. Lakini hakumwogopa panya mwenyewe. Kwa fikra za Ruphin panya aliyekufa alikuwa adui aliyekwisha kusalimu amri, na hakuona sababu ya kumwogopa mfungwa.

Shida ilikuwa chombo cha kuoshea. Mke wake, Élise, mtoto wa wavuvi wa Isangi, aliuza pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kwa kazi hiyo alikuwa na beseni pana la bati alilolipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na Ruphin akiwamo. Humo aliyaloweka majani na kuyasugua kwa mikono yake miwili, mikono iliyochubuliwa na mchi na kukatwakatwa na kisu. Tangu walipooana alikuwa ameweka sheria moja tu: vitu vya panya visifike kwenye vyombo vyake. Ruphin aliitii. Alikuwa na ndoo yake kuukuu kando ya uzio, na ndoo hiyo ilimtosha mpaka mvua zilipoanza, ikapasuka kitako.

Angenunua nyingine. Kila wiki alisema hivyo. Lakini Élise alitoka mapema kwenda mtoni kuwapokea watu wanaovusha majani kutoka ng'ambo, na nyuma ya jiko beseni lilikuwa limelala, pana, safi, halina kazi. Ruphin aliwaosha panya wake humo. Alimwaga maji, akalisugua kwa mchanga, akalisuuza, akaliegemeza ukutani vilevile alivyolikuta. Asubuhi moja Élise aliporudi aliinama juu ya beseni akauliza harufu ile ilikuwa ya nini. Ruphin akamwambia jirani aliliazima kuparia samaki. Ulikuwa uongo mdogo, wa kuipitisha asubuhi. Élise alitikisa kichwa, akalimwagia maji tena, akatumbukiza majani, na mikono yake ikafuata.

Homa yake ilianza kama homa zote za mji ule, kwa baridi na kichwa, nao wakaitendea kama wanavyozitendea zote, kwa vidonge vya malaria kutoka duka la dawa la pembeni. Haikusikia. Macho yakamwiva mekundu. Akalalamika misuli ya miguu, kwamba mtu akiigusa tu anahisi inachanwa, na Ruphin, aliyezoea kuona watu wakilalamika, alimwambia apumzike. Kisha weupe wa macho ukageuka manjano, na asubuhi iliyofuata damu ilimtoka puani.

Mdogo wake Élise, Chimène, aliyekaa Kabondo, alifika wakati huo. Aliiona damu kwenye mto. Akageuza shingo taratibu, akaliona kopo la pakiti za sumu lililotundikwa ukutani. Alitoka nje na simu yake, na Ruphin alimsikia akiongea lugha ya kwao haraka haraka, kwa sauti ya chini, na jina lake yeye likitajwa katikati ya maneno asiyoyaelewa. Ruphin alimpakia mkewe kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, akatembea kando yake amemshika mgongo asianguke mpaka hospitali. Kumbe njia yote hiyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Kaka zake Élise walikuja na mtumbwi wa injini, wakaingia wodini na viatu vyao vya matope. Mkubwa wao aliitwa Bonheur. Alikuwa mtu wa mikono mizito, mpole kwa kawaida, na upole wake siku hiyo alikuwa ameuacha Isangi. Alimtazama dada yake, akaona utepe wa damu kwenye fizi, akamgeukia Ruphin mbele ya wagonjwa na walinzi wao, ndugu wanaowauguza.

"Weye unauzisha sumu," alisema. "Bibi yako anatoka damu mu pua na mu kinywa. Na unataka siye tuamini ni malaria?"

Ruphin alijibu kwamba hakumpa kitu, wamuulize mwenyewe. Bonheur akamwambia kwamba dada yake hawezi tena kusema, na kwamba hilo semeki wake, yaani shemeji yake, analijua vizuri. Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba Élise akifa, hakutakuwa na haja ya polisi.

Habari ya sumu ilimfikia daktari kabla Ruphin hajapata nafasi ya kufungua mdomo. Kwa haki, haikuwa habari ya kipuuzi. Sumu ya panya huifanya damu isigande, na mgonjwa alikuwa anavuja damu; mume alikuwa muuza sumu; ndugu walikuwa na hakika. Mgonjwa akachomwa sindano za kugandisha damu, na wote wakakaa kusubiri. Ruphin alikatazwa kukanyaga wodini. Alikatazwa kuleta chakula. Alikaa uani, penye majiko ya mkaa ambapo walinzi wa wagonjwa hupika, na hata huko habari ilikuwa imemtangulia. Alipolisogelea bomba, wanawake walivuta sufuria zao. Mmoja alikifunika kikombe chake kwa kiganja hadi alipopita.

Naye aliwachukia wote. Aliwachukia kwa moyo wake mzima, kuanzia Bonheur na viatu vyake mpaka yule mama wa kikombe. Alikaa juu ya tofali akipanga maneno atakayowaambia siku Élise atakapoamka na kuwaambia ukweli. Aliyapanga, akayapangua, akayanoa. Alimwona Bonheur akiomba radhi kwa kunong'ona, na yeye akimwacha anong'one mara ya pili kana kwamba hakusikia. Kuonewa kulikuwa na utamu ambao hakuwahi kuuonja. Maisha yake yote watu walikuwa wamemtemea mate na asiwe na la kujibu, na leo, kwa mara ya kwanza, walikuwa wamekosea wao.

Daktari aliitwa Angèle. Alikuwa mwanamke mfupi, macho yamemvimba kwa uchovu, na hakuonekana kumpenda mtu yeyote katika mkasa ule. Alimwita Ruphin kwenye baraza ya wodi. Bonheur na Chimène wakaja bila kuitwa.

Alisema waziwazi kwamba ameanza kuwa na mashaka. Sumu aijuayo yeye haileti homa kama ile, wala haifanyi misuli ya miguu iume hivyo. Figo za mgonjwa zilikuwa zinazima. Sindano hazikusaidia. Akamuuliza Ruphin kuhusu panya, siyo sumu, panya wenyewe: anawapata wapi, anawashika wapi, je, wanafika karibu na mkewe?

Ruphin alihisi macho mawili ya Bonheur kwenye shavu lake. Alijua kwamba chochote atakachokubali pale kitachukuliwa kuwa ni mlango uliofunguka. Tena aliona swali lenyewe halina maana. Panya wale walikuwa wamekufa.

"Bapanya banabakia inje, dokta," alisema. "Mbali na nyumba. Élise habagusi hata kidogo."

"Bon," alisema Daktari Angèle. "Papa, jua kitu kimoja. Nikimutibu kwa ugonjwa asio nao, atakufa mikononi mwangu nikiwa ninamutibu." Akaingia ndani.

Ruphin alirudi kwenye tofali lake na kujaribu kuendelea na maneno yake pale alipoyaachia. Hayakumjia. Muuguzi alitoka wodini amebeba chombo cha kukojolea, na Ruphin alikiona ndani: kikavu. Alimuuliza maana yake. Muuguzi, ambaye naye alikuwa amesikia yote, alimjibu bila kusimama kwamba mtu asiyetoa mkojo ana siku chache, na kama mume ana la kusema alisemee hapa duniani.

Karibu naye mama mmoja alikuwa akiosha pondu ya kumpikia mgonjwa wake. Ruphin alimtazama kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kuelekeza macho. Mama yule alitumbukiza mikono hadi juu ya vifundo, akafinya majani, maji yakawa ya kijani, akafinya tena. Kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na jeraha bichi. Aliitoa mikono, akaikung'uta, akaitumbukiza tena.

Ruphin akaitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa laini. Miaka yote ya kushika panya, na haikuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa ameifunga plastiki hadi viwikoni, akaikaza kwa mpira, kwa hofu ya unga wa kijivu ambao hata hivyo huoshwa kwa maji. Kisha aliyamwaga maji yale, akaliegemeza beseni ukutani, akaenda zake sokoni, na baada yake ikaja mikono mingine, iliyochanika, isiyofungwa chochote. Hakuwa amemwekea Élise sumu. Alikuwa amemwekea kile alichokiosha kutoka kwa panya, na hakujua hicho ni nini, na hakuwahi kujiuliza.

Alihisi, na jambo hili baadaye lilimwaibisha kuliko yote, huzuni kwa ajili ya yale maneno mazuri aliyoyanoa, ambayo sasa hayangesemwa kamwe. Angeweza kukaa. Hakuna aliyeona. Élise akifa, yeye angebaki kuwa mtu aliyesingiziwa sumu, na moyoni mwake angejua kwamba hakumpa sumu, na hilo lingekuwa kweli mpaka kaburini. Alikaa na wazo hilo kwa muda uliomtosha kuona linavyofanana naye.

Akainuka. Mlangoni Bonheur alimkamata ukosi wa shati, na Ruphin hakujitoa. Aliongea huku ameshikwa hivyo hivyo, akimwelekea daktari aliyekuwa ameinama kitandani.

"Dokta, nilidanganya. Bapanya nilikuwa nabasukula na maji ndani ya uwanja yetu. Ndoo yangu ilipasuka. Nilikuwa natumika na beseni ya Élise, ile anatia majani ya pondu. Yeye hakujua. Aliniuliza arufu, nikamwambia ni samaki."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, alijizuia. Daktari Angèle alinyooka. Hakumuuliza Ruphin kwa nini. Alimuuliza kama mkewe alikuwa na majeraha mikononi, akauinua mkono wa Élise mwenyewe kabla ya kupata jibu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita muuguzi, akataja penisilini, kwenye mshipa, na iwe sasa hivi.

Hapo ndipo alipowaeleza. Kuna ugonjwa unaokaa kwenye figo za panya bila kumdhuru panya mwenyewe. Hutoka na mkojo wake, huogelea kwenye maji, huingia kwa mtu penye ngozi iliyochanika. Hugeuza macho manjano, huua figo, hutoa damu, na mtu asiyeambiwa habari za panya anaweza kuudhania mambo mengi mengine. Waliokula ile pondu ikiwa imechemka wasiogope, moto huumaliza. Kisha alimgeukia Ruphin.

"Weye, mikono yako ulikuwa unaifunga?"

"Ndiyo, dokta. Na sachet ya plastiki."

"Na ya kwake?"

Bonheur aliuachilia ukosi. Hakupiga, ingawa wote walitazamia apige, na Ruphin mwenyewe angeshukuru. Alikipangusa kiganja chake kwenye suruali, mara mbili, polepole, kisha akampa mgongo. Chimène alikuwa ameketi sakafuni amefunika uso kwa kitenge. Kutoka chini ya kitenge alisema kwamba lile beseni ni yeye aliyelichagua sokoni pamoja na dada yake.

Siku zilizofuata Ruphin alikaa uani kama mwanzo, ila sasa hakumchukia mtu. Hakupata nguvu ya hilo. Wanawake waliendelea kuvuta sufuria zao, na sasa aliona wana haki. Hakuna aliyemwambia hali ya mgonjwa. Aliisoma kwenye miguu ya waliotoka wodini, kama ni ya haraka au ya polepole. Watu wawili kutoka Mangobo walipita langoni na maiti za panya ndani ya majani, wakitaka pakiti zao za bure hata huko, kwa sababu sharti ni sharti. Aliwaambia wazitupe chooni na wanawe mikono. Walimwona kapatwa na wazimu, wakaondoka wakimtukana.

Kisha mchana mmoja Chimène alitokea mlangoni na chombo mikononi, akasimama kwenye ngazi, akasema kwa sauti, akiuelekea uwanja mzima na siyo yeye:

"Amekojoa."

Wale wanawake walipiga vigelegele. Ruphin aliinamisha kichwa kati ya magoti akalia, na mama wa kikombe, aliyekuwa jirani yake, alisogea kidogo ili asimguse.

Aliitwa siku ambayo Élise aliweza kuketi. Élise alimwita mwenyewe, Bonheur alipinga, akashindwa. Ruphin aliingia akamkuta ameegemea ukuta, amekonda, macho yake bado yana umanjano kwenye pembe. Kaka zake walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda. Kutokana na jinsi Chimène alivyokwepa kumtazama, alijua kwamba Élise ameambiwa kila kitu.

Élise alisema ana kiu. Hakuna aliyetikisika. Maji yaliyochemshwa yalikuwa mezani ndani ya chupa, na kikombe kando yake. Ruphin alitoka nacho, akakiosha kwa sabuni na maji ya moto yaliyomuunguza vidole, akarudi, akamimina. Halafu alifanya afanyavyo kila mtu wa nchi ile anapomkaribisha mwenzake kinywaji: alikunywa kwanza yeye, fundo moja, ili anayepewa aone kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Alikunywa akimtazama Bonheur. Alikuwa amesubiri kunywa fundo lile mbele yake tangu siku ya kwanza. Kisha akampelekea mkewe kikombe.

Élise hakukipokea. Alikitazama, akaitazama mikono iliyokishika, mmoja baada ya mwingine, na alipoongea sauti yake ilikuwa nyembamba na haikuwa na hasira.

"Kuonja ni ya sumu, Ruphin. Miye sikuwaza hata siku moja kama unaweza kunipa sumu. Lakini nilikuuliza arufu, ukaniambia ni samaki."

Bonheur aligeukia dirisha. Ruphin alibaki amenyoosha mkono. Maneno yote aliyokuwa nayo tangu zamani yalikuwa ya kujibu shutuma ile nyingine, na kwa hii hakuwa na hata moja. Élise alifumba macho kwa uchovu, mkono wake umelala juu ya shuka, kiganja wazi, karibu kabisa na kikombe, na Ruphin hakuweza kujua kama unakisubiri.